Safari Yangu Katika Pango la Kitum, Mlima Elgon

Mlima Elgon umesimama mpakani pa Kenya na Uganda, na kilele chake kipitacho vyote kwa urefu, kiitwacho Wagagai, kipo upande wa Uganda, mita 4,321 juu ya bahari. Wagisu wa upande ule huuita mlima huo Masaba. Sisi wa Kenya tumeshika jina la Elgon, lililotokana na jina la Waelkony, watu wa jamii ya Wasabaoti wakaao mbavuni mwake. Ni mlima wa moto uliozimika zamani sana, tena kwa umri ni mkubwa wa Kilimanjaro. Lakini si urefu wake wala umri wake ulionivuta kwenda huko, bali ni mapango yake, na hasa lile liitwalo Kitum. Maana nalikuwa nimesikia juu yake habari tatu zisizopatana. Wengine walisema kwamba watu wa kale walikaa ndani yake pamoja na ng'ombe wao. Wengine walisema kwamba ndovu huingia humo usiku kula jiwe. Na wengine walisema kwamba aingiaye humo huweza kutoka na homa ya kuua. Nalitaka kuona kwa macho yangu nyumba moja iwezayo kuwa na wenyeji wa namna hiyo.

Basi nilipopata likizo mwezi wa Januari, ambao ni wakati wa kiangazi katika sehemu zile, nilikwenda Kitale kwa binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, naye akakubali kufuatana nami. Tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi tukapita Endebess kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, hata tukafika lango la Chorlim, ndipo mahali pa kuingilia katika mbuga ya taifa iliyowekwa na Serikali mwaka 1968. Safari hiyo haifiki hata kilomita 30, na njia ilikuwa kavu. Sina la kusimulia juu yake ila vumbi.

Pale langoni tulipewa kiongozi, na pamoja naye askari mmoja wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Kiongozi wetu alikuwa Msabaoti wa makamo aliyezaliwa chini ya mlima huohuo. Kwa kuwa alitupita kwa umri, tulimwita Mzee; naye aliposikia kazi yangu akaniita Bwana Karani, na kwa jina hilo nilikaa mpaka jioni. Kabla ya kutuuliza tutokako, alituuliza neno jingine.

"Je, yuko kati yenu mwenye kidonda? Hata mkwaruzo tu?"

Binamu yangu alikuwa amejikata kidole kidogo jikoni siku mbili kabla. Mzee akakitazama, akakifunga kwa plasta, kisha akatupa sote glavu na barakoa. Akatuamuru tushushe mikono ya mashati na kuchomeka suruali ndani ya soksi. "Mle ndani," alisema, "macho yenu yafanye kazi, mikono ipumzike. Msishike ukuta, msiketi, msile kitu, wala msifute uso kwa mkono. Na nikisema basi, ni basi." Nimewahi kusikia amri nyingi katika ofisi za Serikali, lakini chache zilizotolewa kwa maneno machache hivyo na kufahamika upesi hivyo.

Njia ya kwenda pangoni hupita msituni. Humo mna mierezi na mipodo ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia shina, na mbega weupe kwa weusi walikuwa wakiruka juu yetu bila kutujali. Tulipokuwa tukipanda, Mzee alituonyesha kwamba njia ile haikulimwa kwa jembe. Ilikuwa pana na laini, tena inakwenda kwa upole upande wa kilima, kama barabara iliyopimwa na fundi. "Hii ni barabara ya ndovu," akasema. "Sisi tunaazima tu."

Mdomo wa pango hauonekani mpaka umeukaribia kabisa. Kisha ghafula msitu unaisha, na mbele yako mlima umefunguka. Nalitazamia tundu la kuingia kwa kuinama, kama nilivyozoea kusoma katika hadithi. Kumbe ni ukumbi ambao kanisa letu zima lingeweza kuwekwa ndani pamoja na mnara wake. Maji membamba yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa juu, na majani ya kivuli yameota palipolowa. Mzee alitusimamisha hapo kwa muda mrefu. Aliinama akatazama kinyesi cha ndovu kilichokuwa mlangoni, akakigeuza kwa kijiti, akakiona kikavu hata ndani. Kisha akasikiliza. Askari naye akasikiliza. "Usiku huu hawakuja," akasema Mzee, "lakini nyati hujificha humu wakati wa jua, na chui hulala karibu na mlango." Akapiga makofi mara tatu, na pango likayarudisha makofi yale kwa sauti nzito. Hakuna kilichotoka ila mbayuwayu.

Tukaingia. Kwa mazoea ya kazi yangu nilikuwa nikihesabu hatua na kuziandika kichwani, maana kalamu nalikatazwa kuitoa. Pango hilo huingia mlimani yapata mita 200, na upana wake ni mkubwa kiasi kwamba tochi zetu tatu hazikuweza kuonyesha kuta zote mbili kwa wakati mmoja. Chini mna vumbi zito la unga wa jiwe lililochanganyika na kinyesi kikavu, na mguu huzama ndani yake bila kutoa sauti. Hapa na pale yapo mawe makubwa kama nyumba, yaliyoanguka kutoka darini. Mzee alipita mbali nayo, akimulika juu kwanza kabla ya kila hatua.

Mwanga wa mchana ulipokuwa ungali nasi kidogo, alituonyesha ukuta. Kutoka chini mpaka juu ya kimo cha mtu mrefu, jiwe lilikuwa limejaa mikwaruzo, maelfu kwa maelfu, mingine mirefu kama mkono, mingine mifupi na yenye kina, imepishana kama alama za sururu katika shimo la kuchimba mawe. Mtu asiyejua angeapa kwamba hapa palifanya kazi kikosi cha vibarua. Na kwa kweli waliwahi kuwako walioamini hivyo. Mwaka 1883 msafiri mmoja Mskoti, Joseph Thomson, alifika katika mapango ya mlima huu akakuta watu wakikaa humo na mifugo yao. Alipoona ukubwa wa vyumba vile alikata shauri kwamba vimechimbwa na taifa fulani la kale lenye nguvu, ingawa wenyeji walimwambia kuwa ni kazi ya Mungu.

Mzee alicheka kidogo niliposimulia habari hiyo. Akaweka mwale wa tochi yake juu ya mkwaruzo mmoja akaufuata kutoka juu kwenda chini. "Hii ni pembe, Bwana Karani. Ndovu husukuma pembe yake hapa, husukuma tena, mpaka jiwe livunjike. Kisha huliokota kwa mkonga, hulitia kinywani, na utasikia meno yakisaga kama mawe ya kusagia wimbi."

Sababu yake ni chumvi. Jiwe la Kitum si jabali gumu. Ni majivu na vipande vilivyotupwa na mlima ulipokuwa ukiwaka, vikashindiliwa na miaka mingi mpaka vikawa jiwe, na ndani yake mna chumvi za sodiamu. Juu ya Elgon mvua hunyesha kwa wingi mno, nayo huosha chumvi ya udongo na kuichukua mitoni, hata majani yaotayo msituni hukosa ladha hiyo. Mnyama alaye majani hayo huwa na njaa ambayo majani zaidi hayawezi kuishibisha. Kwa hiyo ndovu huja, na nyati huja, na mbawala huja kulamba makombo ya ndovu. Wafugaji nao walikuja: walichimba jiwe hilo, wakalisaga, wakawapa ng'ombe wao. Wataalamu waliochunguza mapango haya wamesema kwamba sehemu kubwa ya nafasi tuliyosimama ndani yake ilifanywa na kazi hiyo hasa, ya pembe na ya mikono ya watu, kinywa kimoja baada ya kingine, kwa maelfu ya miaka. Jambo hilo lilinishangaza kuliko kama ningeambiwa ni kazi ya tetemeko la nchi. Nalisimama ndani ya shimo lililoliwa.

Katika dari palipokuwa chini kidogo, Mzee alitumulikia kitu kilichofanana na gogo lililokwama. Lilikuwa gogo kweli, lenye nyuzi za mti na ganda lake, lakini lilikuwa jiwe tupu. Ni mti uliofunikwa na majivu ya moto wa mlima huo, ukageuka jiwe pamoja nayo. Binamu yangu, ambaye huwafundisha watoto habari za miamba kwa kitabu chenye picha zilizofifia, alisimama chini yake asitake kuondoka. Askari ilimbidi kumwita mara mbili.

Mbele kidogo, mahali ambapo dari limepata weusi, kiongozi wetu alituambia habari za wazee wake. Weusi ule, kwa neno lake, ni moshi. Waelkony waliishi katika mapango ya mlima huu vizazi vingi. Walizuia mdomo kwa boma la miti, wakaacha mlango mwembamba wa kupita ng'ombe mmoja mmoja, na adui aliyekuja kuteka mifugo usiku alikuta mlima umefungwa. Ng'ombe walilala upande mmoja, watu upande mwingine, na moto haukuzimwa. Baadaye Serikali ya kikoloni iliwaamuru watoke, wajenge nyumba nje ambako wangeweza kuhesabiwa. Nilimwuliza kama wazee walifurahi kutoka kwenye giza lile. Alifikiri kwanza. "Bibi yangu alisema kwamba katika nyumba ya nje usiku wa kwanza hakulala. Alisikia upepo. Pangoni hapana upepo." Mimi nimezaliwa katika nyumba ya bati, na mpaka siku ile sikuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kuona nyumba ya bati kuwa ni pori.

Tulipogeuka kona, mwanga wa mlango ulikatika. Hapo Mzee alituomba tuzime tochi kwa muda. Ndugu msomaji, giza la usiku si kitu mbele ya giza lile. Niliinua mkono mpaka ukagusa barakoa yangu nisiuone. Ndipo Mzee akasema, polepole, kwamba katika giza hilohilo ndovu hutembea, mama na mtoto, wala hawana taa. Huweka mkonga mbele na kupapasa chini kila hatua, na mtoto humshika mama yake kwa nyuma. Tochi zilipowashwa tena, alituonyesha kwa nini wanapapasa. Hatua chache upande wa kushoto palikuwa na ufa mrefu sakafuni, ambao chini yake mwanga ulififia. Ndovu wachanga wamepata kutumbukia humo, na mama zao wasiweze kuwatoa. Tulisimama mbali, tukageuza nyuso.

Jambo moja nililiona mwenyewe bila kuambiwa. Mikwaruzo ya zamani imekuwa myeusi kwa vumbi na kwa kuguswa na ngozi za wanyama. Mikwaruzo mipya huwa myeupe. Katika ukuta mrefu kiasi hicho, myeupe ilikuwa michache, nami nilimwuliza Mzee sababu. Alisema kwamba utotoni mwake usiku mmoja ungeweza kuleta ndovu wengi hata wengine wakangoja zamu nje. Kisha walikuja majangili wa miaka ya 1970 na 1980, wakavizia njia ileile tuliyopita sisi, maana mnyama aendaye kutafuta chumvi hana njia nyingine. Waliosalia wakajifunza woga. Huja bado, lakini si kila usiku, tena hawakai.

Kwa muda huo harufu ilikuwa ikizidi, harufu kali ya kuuma macho, na mbele yetu palikuwa na sauti kama ya watu wengi wakinong'ona. Mzee akainua mkono. "Basi," akasema.

Tochi yake ilipanda taratibu, na tukaona dari likitikisika. Walikuwa ni popo wa matunda, wamejipanga ubavu kwa ubavu, na macho yao yalirudisha mwanga kama makaa. Popo hao, tofauti na wengi wa jamii ya popo walao matunda, huweza kujiongoza gizani kwa kupiga ulimi na kusikiliza mwangwi. Ile minong'ono niliyoisikia ilikuwa ni ndimi na mabawa. Binamu yangu alitamani kusogea hatua kumi tu ili awaone vizuri. Mzee alikataa. Binamu akaomba hatua tano. Mzee hakujibu, aligeuka akasimama kati yetu na popo, na sote tukajua kwamba maombi yamekwisha.

Hapana budi nieleze sababu yake, maana habari hizo zinajulikana nusu nusu, na nusu hiyo huleta madhara. Homa iitwayo Marburg ilitambuliwa kwanza mwaka 1967 huko Ujerumani, kwa watu waliofanya kazi na tumbili waliotolewa Uganda. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi ya Kenya alishikwa na homa hiyo baada ya kutembelea Kitum, akafa Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15, mtoto wa Kideni, aliingia pango hilohilo, naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Mwaka uliofuata wachunguzi waliingia Kitum wamevaa nguo za kujikinga mwili mzima, wakakamata wanyama na wadudu wa kila namna, lakini hawakukiona kirusi. Ni katika popo wa matunda aliyekamatwa humo mwaka 2007 ndipo alama za kirusi hicho zilipopatikana. Popo mwenyewe haugui nacho. Kwa binadamu, homa hiyo huua karibu nusu ya waliopatwa kwa wastani, na bado haijapatikana chanjo wala dawa iliyoidhinishwa.

Mwenye kusikia hayo huwa mwepesi kusema: wachomeni popo, au zibeni pango. Nimeyasikia maneno hayo Kitale, tena kutoka vinywa vya watu wenye elimu. Lakini jirani zetu wa Uganda wamekwisha kujaribu. Katika mgodi wa Kitaka, magharibi ya nchi ile, wachimbaji walishikwa na Marburg mwaka 2007, na baada ya hapo popo wa mgodini wakaangamizwa kwa maelfu. Popo wengine wakaja kukaa mahali pao. Walipopimwa mwaka 2012, kiasi cha wenye kirusi kilikuwa kimezidi mara mbili ya kile cha kwanza, na mwaka huohuo homa ilizuka tena kwa watu wa sehemu zile. Inadhaniwa kwamba popo wageni, ambao hawakuwahi kupata kirusi, ndio waliokieneza upya. Zaidi ya hayo, popo hao hupanda mbegu za miti ya msitu kila usiku bila mshahara, na msitu wa Elgon ndio mama wa mito tunayoinywa Trans Nzoia na Bungoma. Kwa maoni yangu Mzee wetu, aliyesimama tu katikati ya njia na kusema basi, amefanya kazi iliyo bora kuliko ya moto na sumu. Na laiti kila pango lingekuwa na mtu wa namna yake, tena analipwa inavyostahili.

Tulirudi kwa njia ileile. Nilikuwa nimehesabu hatua 190 kutoka mlangoni hata mahali tulipogeukia. Mwanga wa mchana ulipotokea tena ulikuwa wa kijani, kwa sababu ya majani ya mdomoni, na mbayuwayu walikuwa wangali wakizunguka ndani yake. Nje, Mzee alitutaka tuvue glavu kwa kuzigeuza ndani nje, tuzitie pamoja na barakoa katika mfuko mmoja aliouchukua mwenyewe, kisha tukaoshwa viatu kwa maji ya dawa na mikono kwa sabuni. Alasiri tulilitazama pia pango la Makingeny, ambalo kijito huanguka mbele ya mdomo wake kama pazia. Lakini tulilitazama kwa nje tu, na baada ya Kitum sikuwa na macho ya kutosha.

Tulipoagana langoni nilitaka kumpa Mzee kitu kidogo juu ya ada yake. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akarudi kwenye kazi yake. "Hesabuni siku 21," akasema. "Mmoja wenu akipata homa katika siku hizo, asiseme ni malaria akanywa vidonge nyumbani. Aende hospitali, na neno la kwanza atakalomwambia daktari liwe kwamba aliingia Kitum."

Binamu yangu aliziandika siku hizo kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake, akafuta moja kila asubuhi. Mimi nilizitia katika kalenda ya ofisi, na wenzangu waliouliza maana ya alama zile niliwaeleza. Wawili kati yao wanataka kwenda mwaka huu. Nimewaambia wangoje Desemba au Januari, wakati njia ni kavu, wachukue tochi zenye betri mpya na sweta, wafike Chorlim asubuhi mapema, wala wasiingie mahali popote bila kiongozi. Na mwenye kidonda, hata kidogo, akae nje na mbega.